Kujenga au Kupanga: Lipi Limfaalo Mtumishi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu nipate kueleza neno ambalo limekuwa moyoni mwangu tangu mkutano mkuu uliopita. Waliohudhuria watakumbuka kwamba ndugu yetu mmoja alisimama akatoa hoja kuwa fungu la akiba la Chama litumike kuwakopesha wanachama wanaojenga nyumba, wala mwingine asikopeshwe. Akasema, "Mtumishi asiye na nyumba ni mtoto, hata akiwa na mvi." Watu wakampigia makofi. Hoja ile haikupigiwa kura siku ile kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Itarudi mbele yetu katika mkutano ujao. Mimi sikusema neno, maana ni vigumu kushindana na makofi. Leo nasema kwa kalamu, nanyi mtapima.

Kwanza nakiri jambo moja, ili asitokee mtu wa kusema kwamba ninayaona mabivu kuwa mabichi kwa sababu sikuyafikia. Mimi nina nyumba. Nina vyumba vitatu na sebule, matofali ya saruji na bati, huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kiwanja nilikinunua mwaka 2011. Mwaka 2013 nikachukua mkopo wa miaka saba, uliokatwa katika mshahara kila mwezi. Fedha ikanifikisha kwenye lenta ikaisha. Kwa muda wa miaka miwili nyumba yangu ikawa pagale. Nyasi zikaota sebuleni, na watoto wa jirani wakafanya chumba changu cha kulala kuwa uwanja wa mpira. Nilipopata bati nikaezeka, na mwezi wa Machi 2016 nikahamia humo pamoja na mke wangu na watoto, bila dari, bila milango ya ndani, wala rangi. Tulifurahi mno. Siku ile ya kwanza mke wangu alifagia uwanja mara tatu, ingawa haukuwa na taka.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Mwezi wa Februari 2017 nikapokea barua ya uhamisho. Nimehesabu: nilikaa katika nyumba yangu miezi kumi na mmoja. Makato ya mkopo yakaendelea mpaka mwaka 2020. Maana yake, kwa miaka mitatu nililipia nyumba nisiyoilalia, na papo hapo nikalipa kodi ya nyumba niliyoilalia Dodoma. Jamaa yangu aliyebaki kuilinda akaoa, akapata kazi kwingine akaondoka. Nikampangisha mtu, akalipa miezi sita ya kwanza, na miezi minne iliyofuata akalipa maneno. Kila nilipotaka kwenda kudai ilinipasa kuomba ruhusa kazini na kupanda basi mwendo wa mchana kutwa, maana treni ya umeme ilikuwa bado; hiyo imeanza safari za Dodoma mwaka 2024. Nilipofika mara ya mwisho nilikuta mchwa wamekula miimo ya milango miwili.

Sielezi haya ili nihurumiwe. Nayaeleza kwa sababu najua kwamba miongoni mwenu wako wengi waliopatwa na haya, nao wananyamaza kwa kuwa kulalamikia nyumba yako mwenyewe huonekana ni kukufuru neema.

Basi tutazame hesabu, maana sisi makarani tumezoea tarakimu, nazo hazina upendeleo. Tuchukue mfano. Mtumishi anapanga nyumba ndogo kwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Moyo wake unamwambia kwamba fedha hiyo anaitupa, na kwamba akijenga ataiokoa. Anakopa Sh. 20,000,000 kwa miaka saba, na tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Kila mwezi atakatwa karibu Sh. 386,000. Hadi siku ya mwisho atakuwa amelipa zaidi ya Sh. 32,400,000. Toeni ile milioni ishirini aliyopewa. Riba peke yake imezidi Sh. 12,400,000. Sasa pigeni hesabu ya kodi aliyosema anaitupa: Sh. 150,000 kwa miezi themanini na minne ni Sh. 12,600,000. Mnaona, ndugu zangu? Riba ya mkopo imelingana karibu kabisa na kodi ya miaka yote saba. Aliyedhani ameacha kulisha mwenye nyumba, kumbe amehamia kulisha mwenye benki.

Tena hesabu hiyo imempendelea mjenzi. Haikutaja kwamba wakati anajenga bado anapanga, kwa hiyo analipa riba na kodi pamoja. Haikutaja kwamba milioni ishirini aghalabu haimalizi nyumba, naye atakwenda kwa mkopeshaji wa pili. Haikutaja saruji iliyoganda, kokoto zilizopunguzwa njiani, wala fundi aliyechukua malipo ya kazi nzima akaacha nusu. Ile kanuni ya kwamba mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara iliwekwa kwa hekima, lakini wengi wetu twaichukua kana kwamba imetuamuru kuzikopa zile theluthi mbili. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakikopa nauli kwa mhudumu wa ofisi tarehe kumi ya mwezi, nao wana nyumba. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini harusi na matanga vina siku zake vikaisha, na matanga ya mkopo wa nyumba huchukua miaka saba.

Jambo la pili ni uhamisho. Mkulima hujenga penye shamba lake, na mfanyabiashara penye duka lake. Je, mtumishi ajenge wapi? Penye kazi yake? Kazi yake haina mahali. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922, na wenzetu wa enzi ile walijua kwamba barua moja yaweza kumtoa mtu pwani ikamtupa ziwani. Sisi tumebadili bendera na mihuri, lakini barua ile haijabadilika. Yule anayepanga, akiipokea, hufunga magodoro yake, hukabidhi funguo, akaenda zake. Yule aliyejenga huipokea kama habari ya msiba. Nimewajua watumishi walioacha kupandishwa cheo kwa sababu cheo kilikuwa mkoani na nyumba ilikuwa mjini. Nimewajua wengine walioacha wake na watoto nyuma ili kuilinda nyumba, nao wakaishi mbali kwa miaka mingi, kila mmoja na chungu chake. Nyumba ilijengwa ili kuwakusanya watu wa jamaa moja. Kumbe ndiyo iliyowatenganisha.

Wala watu wasiseme kwamba mambo ya Dodoma yalikuwa ajali isiyotazamiwa. Shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma lilikatwa mwaka 1973. Kwa miaka arobaini na mitatu tuliliona limelala, tukadhani limekufa, tukajenga Dar es Salaam kwa moyo mkunjufu. Serikali ilipoondoka kweli kweli, walioshikwa na tumbo ni wenye nyumba. Wapangaji walitafuta dalali.

Jambo la tatu ni kwamba nyumba ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye nyumba hushinda mwaka mzima akitafuta nyufa. Mvua za masika zikija, yeye hulala akisikiliza bati. Shimo la choo likijaa, ni lake. Bomba likipasuka, ni lake. Ukuta wa jirani ukimwangukia, shauri ni lake na mjumbe. Mpangaji naye hupata taabu hizo, lakini ana neno moja ambalo mwenye nyumba hana: aweza kusema, "Nitahama." Kikifunguliwa kilabu cha pombe mbele ya dirisha lake, chenye ngoma mpaka alfajiri, mpangaji huvumilia mpaka mwezi wake uishe. Mwenye nyumba huandika barua kwa serikali ya mtaa, akajibiwa kwamba wenzake watatu wameridhia, akabaki na kelele zile mpaka afe au kilabu kife.

Ipo na habari ya jamaa. Nasema kwa heshima, maana undugu ni mali yetu ya kwanza. Lakini twajua kwamba mtu wa chumba kimoja na sebule hupokea mgeni mmoja, naye mgeni mwenyewe huona udogo wa mahali akaaga mapema. Siku utakapomaliza vyumba vitatu, habari hufika kijijini kabla rangi haijakauka. Mpwa anakuja kutafuta kazi, binamu anakuja hospitali, na mtoto wa shemeji anakuja kusoma. Wote ni wako, wala huwezi kusema huna nafasi, maana nafasi wameiona. Ulijenga kwa watu watano, ukalisha kumi.

Jambo la nne ni kwamba nyumba haina miguu wala haifichiki. Fedha ikiwa katika akiba yaweza kuhamishwa; ng'ombe wa mtu huswagwa; lakini nyumba hungoja lolote lije. Wazee wetu wanaikumbuka sheria ya mwaka 1971, ambayo Serikali ilitwaa kwayo majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000, na waliokuwa na majengo yaliyopita miaka kumi hawakulipwa fidia. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliingia mabondeni mwa Dar es Salaam, na waliofukuzwa na maji wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Desemba 2015 zikabomolewa nyumba za bonde la Msimbazi. Mwaka 2017 zikabomolewa nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, toka Kimara kuelekea Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Sihukumu hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Barabara zahitajika, na bondeni si mahali pa kulala. Ninasema hili tu: siku tingatinga lilipofika, mpangaji alipoteza mlango wa kuingilia, naye mwenye nyumba alipoteza kazi ya maisha yake. Na wengine wao walikuwa watumishi wa serikali kama sisi.

Hata yule mwenye hati safi, asijione amefika mwisho wa kupanga. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, naye Rais ameishika kwa amana ya wananchi. Tunachopewa sisi ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa, isiyozidi 99. Kwa haki hiyo twatakiwa kulipa kila mwaka kodi ya pango la ardhi. Litazameni neno lenyewe: pango. Yule bwana aliyesema kwamba mpangaji ni mtoto, naye kila mwaka anatakiwa kulipa pango kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba mwenye nyumba wangu hunijia nyumbani, na wake humngojea ofisini.

Sasa nataka kuwatendea haki walio upande wa pili, maana hoja yao si ya kijinga. Kupanga nako kuna uchungu wake, na mimi nimeuonja Dodoma. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja, na huku mshahara huja mwezi kwa mwezi. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango tu. Sheria iliyokuwa ikizuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mpangaji hana pa kushitaki ila kwenye mkataba wake, na wengi wetu hatuna mkataba ila kipande cha karatasi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika umeme wa LUKU: kwanza Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh. 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, naye aghalabu huilipa bila kurudishiwa. Na kuna aibu ndogondogo ambazo haziandikiki katika hesabu: kuambiwa wanao wasicheze uwanjani, kuulizwa mgeni wako ataondoka lini, kugongewa dirisha tarehe moja saa kumi na mbili asubuhi.

Zamani Serikali ilikuwa na nyumba nyingi za watumishi wake, na aliyehamishwa alitoka katika nyumba moja ya Serikali akaingia nyingine. Kuanzia mwaka 2002 nyingi katika hizo ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Walionunua walipata, sisi tuliokuja nyuma tukakuta milango imefungwa. Ndiyo maana hofu ya kupanga imezidi siku hizi, nami siwalaumu wenye hofu hiyo.

Lakini dawa ya hofu si deni. Kupanga si ugonjwa wa watu wasioendelea. Katika nchi ya Ujerumani, na Uswisi pia, ambazo hakuna anayeziita maskini, zaidi ya nusu ya watu hukaa katika nyumba za kupanga, wakazaa na kulea na kustaafu humo. Wana sheria zinazowalinda, sisi hatuna za namna hiyo; basi tuseme kwamba tatizo letu ni sheria na desturi, wala si kupanga kwenyewe. Mwenye kuumwa na kiatu kibovu hutafuta kiatu chema, hakati mguu.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ile ya uzeeni, nami sitaikwepa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku moja barua ya mwisho itakuja, nayo haitataja kituo kipya. Mstaafu hawezi kupanga kwa pensheni mpaka kufa bila mashaka. Yampasa awe na pa kuweka kichwa chake. Hapo nakubali kabisa. Tena nakubali kwamba asitegemee kujenga kwa mafao ya mkupuo, maana sote tumeona mambo ya kikokotoo. Zamani watumishi wa baadhi ya mifuko walipokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Mwaka 2018 ikatoka kanuni ya asilimia 25, ikasimamishwa mwaka huo huo baada ya malalamiko. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Aliyechora nyumba yake kwa kutumia asilimia 50 aliamka akakuta paa halifiki ukutani.

Kwa hiyo neno langu si kwamba mtumishi asijenge kamwe. Neno langu ni hili: asijenge kwa aibu, asijenge kwa deni kubwa, wala asijenge penye kituo chake cha leo. Ajenge pale atakapozeekea, pawe kwao au pengine alipopapenda. Ajenge kidogo, kwa akiba, chumba baada ya chumba. Na kabla ya kununua kiwanja aulize mara saba juu ya mipaka, bonde na barabara. Na mpaka siku hiyo apange, tena apange bila kuinamisha kichwa. Kijana mmoja wa ofisini kwetu, mwenye mwaka wa pili kazini, alinijia juzi na fomu ya mkopo mkononi. Akasema, "Shikamoo mzee. Nataka nijenge kabla sijaoa, watu wasinidharau." Nikamwitikia, nikamwuliza atajenga wapi. Akasema hajui bado, kiwanja atatafuta fedha ikishatoka. Nikamwomba aketi, tukapiga ile hesabu niliyowaandikia hapo juu, kwa kalamu yake mwenyewe. Akaikunja fomu akaitia mfukoni. Sijui kama aliichana au aliipeleka mbele. Lakini alitoka akiwa amejua anachotia sahihi.

Sasa nirudi kwenye hoja iliyo mbele yetu. Ikiwa fungu la Chama litawakopesha wajenzi peke yao, tutakuwa tumewaambia vijana wetu kwamba Chama hakimtambui mtu mpaka ameingia katika deni. Na fedha hiyo ni ya wote; mchango wa mpangaji hukatwa sawasawa na wa mwenye nyumba. Basi naleta mashauri matatu, nikiomba yaandikwe katika ajenda.

La kwanza: fungu la Chama limkopeshe mwanachama kodi ya miezi sita anapohamishwa au anapodaiwa kodi ya mkupuo, naye arudishe kidogo kidogo kwa miezi ile ile sita, bila riba. Deni dogo la namna hiyo litamwokoa na wakopeshaji wa mitaani ambao sote twawajua.

La pili: kwa mwanachama anayejenga, Chama kisimkopeshe fedha za kuanza msingi, bali za kumaliza; yaani bati, milango na choo. Mapagale tunayo ya kutosha. Na kabla ya kukopeshwa aonyeshe karatasi za kiwanja chake kwa Kamati, wazikague wale wanachama wetu walio na ujuzi wa mambo ya ardhi.

La tatu: Chama kiandike mkataba mmoja mwema wa kupangisha, kwa Kiswahili chepesi, utaje kodi, muda, matengenezo, umeme na kodi ya majengo. Kila mwanachama anayepanga autumie, na kila mwanachama anayepangisha autumie pia. Nasema hili la mwisho kwa kusudi, kwa sababu wengi wa wenye nyumba wanaotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo si watu wa mbali. Ni sisi. Ni watumishi wenye mikopo, wanaombana mtumishi mwenzao ili wapate kulipa makato yao. Mimi mwenyewe nilimdai mpangaji wangu wa Chanika miezi sita kwa mara moja, wakati huo huo nikimnung'unikia mwenye nyumba wangu wa Dodoma kwa kosa lile lile. Tangu mwaka jana napokea mwezi kwa mwezi. Sijapata hasara, na mpangaji niliye naye sasa amerekebisha mlango mmoja bila kuombwa.

Ndugu yangu aliyetoa hoja asinichukie. Najua ametoa kwa nia njema, na nyumba yake nimeifikia nikala chakula humo. Ni nyumba nzuri. Lakini nyumba njema si mlango, na ndani yake alinieleza mwenyewe kwamba makato yake yataisha mwaka mmoja baada ya kustaafu. Nimelifikiri neno hilo siku nyingi. Namwomba naye alifikiri kabla ya kura.

Nimekwisha, Bwana Mhariri. Wenye maneno ya kunipinga na wayalete katika toleo lijalo. Nitayasoma nikiwa nyumbani kwangu, yaani nyumbani kwa mwenyewe.

Wasalaam,

Wenu katika utumishi,
KARANI MPANGAJI,
Dodoma.